Chenga za Kigae

Vyungu saba vya kwanza nilivyofinyanga maishani vilipasuka vyote motoni, na kilichovipasua ni usafi.

Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili, nimepelekwa likizo kwa bibi mzaa mama upande wa Matombo, ambako milima ya Uluguru huteremka mashariki kuelekea Mto Ruvu. Bibi alikuwa mfinyanzi. Asubuhi ile alikuwa ametwanga udongo mkavu, na kando yake ameweka ungo wa chenga za vigae. Hivyo vilikuwa vyungu vilivyovunjika zamani, amevisaga juu ya jiwe mpaka vikawa kama mchele uliokatika. Akaniagiza nichanganye viganja vitatu vya udongo kwa kimoja cha chenga, kisha nitie maji. Mimi mtoto wa mjini, nimezoea kumwona mama akipepeta mchele na kuwatupia kuku chenga, nikadhani bibi macho yamechoka. Nikazimwaga chenga zote kwenye shina la mgomba, na ili kumfurahisha zaidi nikachukua chekeche ya unga, nikauchekecha udongo wenyewe mpaka ukawa laini kama poda.

Alipoukanda aliujua papo hapo. Hakunifokea. Alisema tu, "Haya mjukuu wangu, huu ni wako. Finyanga wewe," akaenda kuandaa mwingine. Nikafinyanga saba, vidogo, mashavu yaking'aa kwa kusuguliwa na kipande cha kibuyu. Vya kwake, ukivilinganisha na vyangu, vilikuwa na ngozi ya kenge. Tulivianika kivulini siku nyingi, tukavipanga pamoja katika shimo la kina kifupi, tukavifunika kuni, maganda ya miti na nyasi kavu, akawasha moto. Nusu saa haikupita, nikasikia mlio wa kwanza. Nilihesabu mpaka saba. Vya bibi vilikaa kimya katikati ya moto kama wazee barazani.

Baadaye nilisomea mambo ya vyuma, na karibu kila somo lilinirudisha kwenye lile shimo.

Darasani tulifundishwa kwamba mfinyanzi hulia gaeni, na maana tuliyopewa ni unyonge: anayewatengenezea watu vyungu mwenyewe hana cha kulia. Sawa. Lakini aliyeitunga methali hiyo nadhani alipita tu njiani, hakukaa. Angekaa angemwona mfinyanzi akimaliza kula, kisha akilichukua lile gae kwenda kulisaga. Gae ni mali ghafi.

Watu husema chungu kimepasuka kwa joto. Joto peke yake halina ugomvi na udongo. Ugomvi ni joto lisilo sawa: upande huu umeshatanuka, ule bado, na kati yao kitu lazima kiachie. Tena kuna maji yaliyojificha ndani hata baada ya kuanikwa. Yakigeuka mvuke yanatafuta mlango, na udongo laini uliobanana hauna mlango. Ufa ukishazaliwa humo hauna wa kuusimamisha.

Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza, A. A. Griffith, alichapisha kazi yake juu ya kuvunjika kwa vitu, aliyoifanya kwa kujaribu kioo. Alionyesha kwamba vitu vigumu vya namna hiyo vina nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na kwamba nguvu ya kioo huamuliwa na nyufa hizo, hata kama atomu zake zimeshikana imara kiasi gani. Kwenye ncha ya ufa mzigo wote hukusanyika mahali pamoja, kama abiria wote wa stendi wanapogombea mlango wa daladala moja. Na ufa ukifika urefu fulani hauhitaji tena kusukumwa. Hukimbia wenyewe.

Sasa weka chenga njiani. Ufa unakuja kasi, unakuta punje, unalazimika kuizunguka. Kona hii, kona ile, na kila kona inakula nguvu zake. Au unatumbukia katika kijitundu kilicho pembeni mwa punje, ncha yake iliyokuwa kali kama wembe inakuwa butu, unakwama hapohapo. Kiswahili kimebahatika hapa kuliko vitabu vyote nilivyosoma chuoni. Chenga ni punje iliyovunjika. Na chenga ndiyo anayopiga winga pale uwanja wa Jamhuri, Morogoro, beki akabaki amekaa kwenye nyasi. Bibi aliutia udongo chenga ili ufa upigwe chenga.

Kwa nini asage vigae kwa taabu, mgongo umeinama, wakati mchanga wa mtoni ni wa bure? Niliwahi kumuuliza, akajibu kwamba mchanga ni mgeni na kigae ni ndugu. Nilicheka. Miaka mingi baadaye nikakutana na jibu lake katika jedwali. Mchanga wa mtoni kwa sehemu kubwa ni kwatsi, na kwatsi ina hulka yake: ikifika nyuzijoto 573 hutanuka ghafla, na ikipoa kupita hapo husinyaa ghafla, ikiuchanachana udongo unaoizunguka. Wapo wafinyanzi hodari wanaotumia mchanga na vyungu vyao hudumu, maana wanajua kiasi na wanajua moto wao. Kigae hakina mshtuko huo. Kilishapita motoni, nacho ni udongo uleule. Hutanuka na kusinyaa sambamba na wenzake.

Umbo nalo ni sehemu ya dawa. Chungu cha kupikia kina kitako cha mviringo, na sababu mojawapo ni kwamba kona ni mahali ambapo mzigo hupenda kukusanyika. Mtungi wa maji bibi aliufanya kwa udongo mwingine, laini zaidi, kwa kuwa mtungi kazi yake ni kutoa jasho ili maji yapoe, hauendi motoni. Sikumsikia hata siku moja akisema udongo fulani ni bora. Alisema udongo fulani ni wa maharage.

Ukiwa Morogoro mjini, ukatoka kwenye barabara kubwa na kufuata sikio lako, utawapata wahunzi. Siku hizi mvukuto ni rimu ya baiskeli inayozungusha feni, na fuawe mara nyingi ni kipande cha reli au gimba la chuma lisilojulikana lilikotoka. Chuma chenyewe ni springi za malori. Mzee mmoja niliyezoea kukaa kibandani kwake aliidharau nondo kabisa. "Nondo mlenda," alisema. "Ukiinoa inakutazama tu." Springi aliitambua kwa kuigusisha kwenye jiwe la kusagia: cheche za nondo ni nyuzi ndefu chache, cheche za springi hupasuka nyota nyota. Alichokuwa akikisoma katika zile nyota ni kaboni.

Chuma kitupu ni laini. Ukitia kaboni kidogo sana, kwa springi ni kama sehemu moja tu katika mia mbili au zaidi kidogo, na pembeni yake manganizi, kromi au silikoni, kinageuka kitu kingine. Kinachowezesha lori la tani nyingi kupanda Kinole, milimani Uluguru, kwenye makorongo, likadunda siku nzima na jioni springi zikarudi mahali pake, ni hiyo sehemu ndogo ya uchafu uliochaguliwa.

Siku moja niliomba nitengeneze kisu mwenyewe. Mzee akanipisha. Nilikifua vibaya lakini kikawa na sura ya kisu, nikakipasha mpaka kikawa chekundu vizuri, nikakitosa. Nikachukua tupa kujaribu makali. Ikateleza juu yake bila kukwaruza, nikajiona nimefika. Dakika mbili baadaye kiliniponyoka, kikaanguka sakafuni na kukatika vipande viwili kama sahani ya udongo. Mzee alicheka mpaka akakaa. Kisha akaniambia nilichosahau: baada ya kukitosa unakirudishia moto kidogo, unaangalia rangi ikitembea juu ya uso uliosuguliwa, manjano ya nyasi kavu, kahawia, zambarau, buluu, na kila kazi ina rangi yake ya kusimamia. Wembe unausimamisha mapema kwenye manjano. Springi unaiacha ifike buluu. Unapunguza ugumu kwa makusudi ili kununua ushupavu.

Maneno hayo mawili huchanganywa sana, hata na waandishi wa magazeti wanaotangaza kila mwaka kwamba kitu kigumu kuliko vyote kimegunduliwa. Ugumu ni kukataa kukwaruzwa. Ushupavu ni kukataa kuvunjika. Kioo ni kigumu. Mpingo ni mshupavu. Kazi yote ya kubuni aloi na kauri mpya, ukiondoa maabara na mashine, ni mazungumzo marefu kati ya hayo mawili, kwa sababu ukiongeza moja, mara nyingi jingine linaondoka.

Mzee yule hakuwa wa kwanza kuyajua hayo katika nchi hii. Pale Dakawa, kaskazini mwa Morogoro kwenye barabara ya Dodoma, wanaakiolojia Randi Haaland na Cornelia Msuya walichunguza makazi ya Zama za Chuma za mwanzo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2000: watu waliofinyanga, walioyeyusha chuma na waliofanya biashara, yote mahali pamoja. Kule Ufipa wahunzi walijenga malungu, matanuri marefu kuliko mtu yaliyojivutia hewa yenyewe bila mivukuto, kisha chuma kikasafishwa upya katika vintengwe, matanuri madogo. Na Kagera, katikati ya miaka ya 1970, Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo wajenge tanuri kama la zamani. Wazee walichimba shimo, wakalisiriba udongo wa kichuguu, wakalijaza matete yaliyounguzwa, wakainua kuta kwa mavi ya chuma ya matanuri ya kale na udongo huohuo, wakaingiza mabomba ya udongo mpaka ndani kabisa ya moto. Makala yao katika jarida la Science mwaka 1978 ilieleza kwamba kilichotoka ni pua, chuma chenye kaboni, na kwamba mabaki ya matanuri ya kale katika eneo hilo yana umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Walidai pia kwamba hewa ilipata joto ndani ya mabomba kabla ya kuufikia moto. Wataalamu wengine wamelipinga hilo kwa hoja nzito. Ubishi huo sitauingilia.

Mimi nayatazama mabomba. Watu husifu chuma na kusahau kwamba hakuna chuma bila udongo. Bomba linakaa kwenye moto wa zaidi ya nyuzijoto elfu moja na mia mbili, upande mmoja hewa ya mivukuto, upande mwingine makaa meupe kwa joto, saa baada ya saa. Likiyeyuka mapema, madini na makaa ya siku nyingi vimepotea. Mtu aliyechagua udongo ule, akajua kichuguu kipi kinafaa na kipi hakifai, alikuwa akibuni kauri ya kazi ngumu kabla neno lenyewe halijafika.

Uluguru yenyewe ni ghala la vitu vya namna hiyo. Miamba yake ilipikwa na kubanwa chini sana ya ardhi kabla ya kupanda juu, na njia za miguu zinang'aa ulanga, ule ulioanza kuchimbwa tangu wakati wa Wajerumani. Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald alieleza madini mapya ya urani kutoka milima hii na kuyapa jina la Ernest Rutherford, lakini hayo ni ya mionzi, si ya leo. Matombo kuna rubi. Rubi ni oksidi ya alumini iliyotiwa kromi kiduchu. Iondoe kromi na wekundu unaondoka, unabaki na dutu ileile ambayo, ikisagwa unga, ikabanwa na kuchomwa, ni kauri nyeupe iliyo shingoni mwa plagi ya pikipiki. Bodaboda anayenipandisha Kinole anabeba chini ya tangi binamu maskini wa rubi, na binamu huyo anazuia maelfu ya volti, mlipuko juu ya mlipuko, kwa bei ya sahani ya wali. Rubi yenyewe haijui kazi yoyote ila kukaa kidoleni. (Naomba radhi kwa sonara.)

Mahenge, upande wa kusini wa mkoa, mwaka 2007 zilipatikana fuwele kubwa mno za spineli nyekundu pale Ipanko, na ulimwengu wa vito ukachanganyikiwa. Spineli ni oksidi ya magnesi na alumini. Ikitengenezwa viwandani huingia katika matofali ya kutandika ndani ya tanuri za saruji, mahali ambapo tofali la kawaida lingekuwa uji. Na hukohuko Mahenge kuna kinywe, jamaa mweusi mpole anayetia doa kila kitu. Kinywe hakiyeyuki kwa moto wowote wa mhunzi, na kinapitisha joto upesi. Ukikichanganya na udongo unapata chungu cha kuyeyushia metali, ambacho hakipasuki kwa sababu joto halipati nafasi ya kukaa upande mmoja. Chenga hupambana na ufa ukishakuja. Kinywe kinauzuia kuzaliwa. Nikiwatazama vijana wanaosubu sufuria kwa pistoni chakavu, nawaza jinsi chungu cha kinywe kingewafaa kuliko yale makopo ya chuma yanayoliwa na alumini. Pistoni wanazichagua kwa sababu, wanavyosema wao, "zinatiririka". Kinachotiririsha ni silikoni iliyochanganywa humo kiwandani. Hawaijui kwa jina, lakini hawakosei kuichagua.

Jina huja nyuma mara nyingi katika kazi hii. Mwaka 1906, reli ya Wajerumani ikiwa njiani kuja Morogoro (iliwasili 1907), huko Ujerumani kwenyewe Alfred Wilm alikuwa akitafuta alumini ngumu. Aliichanganya na shaba kidogo na magnesi kidogo zaidi, akaipasha, akaitosa majini, na kwa mujibu wa masimulizi akaiacha kupita mwisho wa juma. Aliporudi kuipima aliikuta imekuwa ngumu kuliko alivyoiacha, bila ya mtu kuigusa. Aloi hiyo, duralumini, ilijenga mifupa ya ndege nyingi za mwanzo za metali. Ilipita zaidi ya miaka thelathini, mpaka 1938, ndipo Guinier nchini Ufaransa na Preston nchini Uingereza, kila mmoja kivyake, walipoonyesha kwa miale ya eksirei kilichotokea mle ndani: shaba ilikuwa ikijikusanya taratibu katika vifungu vidogo mno, vikizuia tabaka za atomu kuteleza. Chenga tena. Safari hii zilijisaga zenyewe.

Kwenye kauri habari inayonipendeza kuliko zote ni ya Australia. Mwaka 1975 Garvie, Hannink na Pascoe walichapisha katika jarida la Nature makala fupi ambayo kichwa chake kiliuliza, kwa alama ya kuuliza kabisa, kama kauri inaweza kuwa pua. Walitumia zirkonia. Punje zake zinaweza kuzuiliwa zikae katika umbo lililobanana, kama mtu aliyekunja magoti ndani ya basi lililojaa. Ufa ukipita karibu, msongamano unalegea, punje zinakunjua miguu, zinavimba, na kuvimba kwao kunaubana ufa mdomo. Kadiri ufa unavyokuja ndivyo unavyojifungia njia. Visu vyeupe vya kauri madukani ni watoto wa ugunduzi huo. Ningetoa nini ili nimsimulie bibi hilo! Angeniuliza tu, nina hakika, hizo zirkonia wanazisaga na jiwe gani.

Zirkonia hiyohiyo hupakwa juu ya mapanga ya injini za ndege. Ndani yake ni aloi ya nikeli, metali ambayo Tanzania inayo nyingi ardhini Kabanga, Ngara. Imetiwa alumini na metali nyingine ili izae vijitofali vidogo vya kuzuia mteremko wa atomu, na mapanga ya injini bora huoteshwa yawe fuwele moja isiyo na mshono. Hapo nikadhani mafundi wamerudi kwenye usafi, mpaka niliposoma juu ya koti la kauri lililo nje. Moja ya njia bora za kulipaka hulijenga kama nguzo nyingi nyembamba zilizosimama, kila moja imetengana na jirani yake kwa ufa wa makusudi, ili panga likitanuka koti litanuke nalo bila kubanduka. Gesi inayopita hapo ina joto kuliko kiwango cha kuyeyuka cha aloi iliyo chini yake. Ndege ikivuka juu ya kilele cha Lupanga, Uluguru, usiku kuelekea kusini, taa zikimeta, inashikiliwa angani na nyufa zilizopangwa.

Bibi hayupo tena. Nimebaki na chungu chake kimoja cha maharage, cheusi kwa masizi mpaka mabegani. Alikuwa akikigonga kwa kifundo cha kidole kabla ya kumkabidhi mtu: chungu kizima huita, chenye ufa hukohoa. Hiki bado kinaita. Mwaka jana nilikigongesha kwenye bomba la maji wakati wa kukiosha, kikameguka ukubwa wa ukucha mdomoni, na ufa wa urefu wa sindano ukashuka kutoka hapo. Umesimama. Nimeutazama kwa miezi kadhaa sasa, haujasogea.

Pale kilipomeguka ndani yake panaonekana. Udongo ni wa kahawia, una ulanga unaometa, na umejaa punje: nyeusi za vyungu vilivyokwisha kupikia miaka mingi, nyekundu za mitungi, na hapa na pale punje za rangi ya hudhurungi, laini mno, zisizo na chembe ndani yake. Jioni ile ya vyungu saba, moto ulipofifia, bibi alizunguka shimo na ungo akiokota vipande vyangu kimoja kimoja kabla havijapoa, akivipuliza na kupuliza vidole. Nilidhani anasafisha uwanja.